Pasipoti Ina Ubalozi Wake, Cheti cha Digrii Hakina

Mwalimu akitua Doha au Sharjah, siku ya pili au ya tatu huitwa ofisini. Mezani pana rundo la fomu, na pembeni amekaa mandubu, yule mtu wa shule anayezunguka na karatasi za serikali: vibali, vipimo vya afya, alama za vidole. Mkononi ana bahasha ya kaki iliyoandikwa jina la mwalimu. Anataka pasipoti, cheti cha digrii, matokeo ya chuo, cheti cha ualimu, na cha ndoa kama kipo, vyote orijino, kwa ajili ya ikama, yaani kibali cha ukaazi. Mwalimu bado ana uchovu wa safari, Kiarabu hakijui, na hataki kuonekana mkorofi kabla hata hajaingia darasani. Anatoa. Bahasha inafungwa, inaingia kwenye kabati la chuma, na ufunguo unaondoka na mtu mwingine.

Mara nyingi bahasha hiyo hurudi. Shule yenye utaratibu humaliza shughuli zake na kumwita mwalimu achukue vitu vyake. Lakini ziko shule ambazo bahasha hukaa humo hadi mkataba uishe, na mwalimu huja kugundua siku anapotaka kwenda msibani, kuhamia shule nyingine, au kudai mshahara uliochelewa. Haya yanawahusu walimu wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao wanaokwenda kufundisha shule binafsi za Ghuba. Wa China nao wasikilize, kwa sababu mchezo ni ule ule ingawa sheria ni nyingine.

Kwa nini cheti kuliko pasipoti

Watu wakionyana kuhusu kazi za Uarabuni, onyo huwa moja: usimpe mtu pasipoti yako. Ni onyo sahihi, ila limeacha nusu ya jambo. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, wewe umekabidhiwa uitumie, na ikizuiliwa serikali hiyo ina neno la kusema. Tanzania na Kenya zina balozi Abu Dhabi, Doha, Muscat na Riyadh, na mtu aliyekwama kabisa anaweza kuandikiwa na ubalozi wake hati ya dharura ya kurudi nyumbani.

Sheria za nchi zenyewe nazo zimesema. Qatar, sheria namba 21 ya mwaka 2015, kifungu cha 8, inamtaka mwajiri arudishe pasipoti mara taratibu za ukaazi zikiisha, na anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi riyali 25,000. Falme za Kiarabu, sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021, kifungu cha 13, inamkataza mwajiri kushikilia hati rasmi za mfanyakazi. Tazama maneno hayo vizuri: hati rasmi, si pasipoti peke yake. Omani nayo, katika sheria ya kazi ya mwaka 2023, imekataza kuzuia pasipoti na hati binafsi za mfanyakazi bila idhini yake ya maandishi. Hiyo idhini ya maandishi tutairudia, maana ndipo wengi wanaponaswa.

Sasa cheti cha digrii. Hakina ubalozi. Chuo hukitoa mara moja, na kupata kingine ni safari ndefu: ripoti ya polisi, kiapo kwa wakili, mara nyingi tangazo gazetini, ada, kisha kusubiri. Kinachotoka huwa kimeandikwa kwamba ni mbadala. Na mihuri yote ya wizara na ubalozi inabidi ianze upya, kwa sababu ilikuwa imegongwa mgongoni mwa kile cha kwanza. Isitoshe, taratibu hizo zimewekwa kwa ajili ya cheti kilichopotea, kilichoungua au kuibiwa. Cheti ambacho unajua kabisa kiko kabati gani na nani ana ufunguo hakiingii kwenye fomu hizo bila wewe kuapa uongo.

Shule inayotaka kumfunga mwalimu inalijua hilo. Kumleta mtu kuna gharama ya tiketi, kibali, vipimo na makazi, na hofu yao kubwa ni mwalimu aliyekwenda likizo ya Desemba asirudi Januari, darasa likabaki bila mtu katikati ya mwaka. Hofu hiyo ni ya kweli na tunaielewa. Lakini dawa yake iko kwenye mkataba: muda wa notisi unaoeleweka na mshahara unaolipwa kwa wakati. Pale ambapo pasipoti imegeuka kaa la moto mkononi mwa mwajiri, cheti ndicho kinachobaki kushikwa, na mwalimu anayejisifu kwamba pasipoti anayo mfukoni hana habari kwamba kilichomfunga kiko kwenye bahasha.

Sababu ya visa imekwisha nguvu

Zamani stika ya ukaazi ilibandikwa ndani ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti ilipaswa kwenda uhamiaji na kukaa huko. Qatar iliacha stika hiyo mwaka 2015, Kuwait mwaka 2019, Falme za Kiarabu mwaka 2022. Siku hizi ukaazi wako unaonekana kwenye kadi na kwenye mfumo wa kompyuta. Afisa akikwambia pasipoti inahitajika miezi miwili kwa ajili ya kubandika visa, anaeleza utaratibu ambao haupo tena.

Orijino ya pasipoti bado huhitajika kwenye kipimo cha afya na alama za vidole, lakini huko unakwenda na mwili wako, basi nenda na pasipoti yako mkononi. Cheti orijino kina sababu moja ya haki: muhuri wa mwisho wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi uliyofikia, na pengine kuonyeshwa kwenye mamlaka ya elimu inayotoa kibali cha kufundisha. Hizo ni kazi za siku chache. Wiki ya nne ikipita bila cheti kurudi, uliza kwa maandishi.

Kazi kubwa inafanyika nyumbani

Kwanza, usilaminishe cheti. Ni desturi yetu: mtu akihitimu, cha kwanza ni kukimbilia stesheneri kukipa cheti plastiki kisichafuke. Plastiki hiyo inazuia muhuri. Ofisi za kuthibitisha zinahitaji karatasi yenyewe, mbele na nyuma, na kuichuna laminesheni hung'oa wino au kuchana karatasi. Cheti kikae kwenye mfuko wa faili ulio wazi juu, ndani ya folda ngumu, kisikunjwe.

Pili, jua muhuri unagongwa wapi. Falme za Kiarabu na Qatar hazimo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ule wa apostili, yaani muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi zote wanachama, kwa hiyo cheti hupanda ngazi: kinahakikiwa kwanza na mamlaka ya elimu ya nchi iliyokitoa, kinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na mwisho wizara ya huko huko ukishafika. Omani iliingia kwenye mkataba huo mwaka 2012, Saudia mwaka 2022, China Novemba 2023. Lakini apostili hufaa tu pale nchi iliyotoa cheti nayo ikiwa mwanachama. Burundi na Rwanda zimo.

Kabla ya muhuri wa kwanza, uliza ubalozi swali moja: mnagonga mgongoni mwa cheti chenyewe, au mnakubali nakala iliyothibitishwa na wakili? Wakikubali nakala, chukua njia ya nakala bila kusitasita. Utasafiri na nakala yenye mihuri yote, na cheti halisi kitabaki kwa mama au kwenye sanduku la benki. Mwajiri akishika nakala, ameshika gharama na usumbufu, lakini hajashika maisha yako.

Nakala ya namna hiyo ina jambo la kuangaliwa kwa karibu. Karatasi zake hubanwa kona moja kwa pini au kwa kitufe cha bati, kona ikakunjwa, na muhuri ukagongwa nusu kwenye karatasi ya juu na nusu kwenye ya chini. Pini hiyo ndiyo uhai wa hati. Mtoa kopi akiing'oa ili karatasi ilale vizuri kwenye mashine, hata akiirudisha pale pale, ofisa atakayefuata ataona matundu mawili ya ziada, nusu mbili za muhuri hazikutani sawasawa, na ataikataa. Kopi ya hati iliyobanwa hutolewa kwa kuikunja nyuma ukurasa kwa ukurasa. Simama mashineni mwenyewe, na mwambie mandubu hivyo hivyo, kwa sababu wengi wao huzing'oa bila kufikiri.

Tatu, skani kila kitu kwa rangi, dpi 300, pande zote mbili. Watu huskani uso wa cheti na kusahau mgongo, na mgongo ndio wenye ushahidi wa fedha ulizotumia kwenye mihuri. Kila hati iwe faili moja ya PDF yenye jina linaloeleweka, ikae kwenye barua pepe yako binafsi na kwenye flashi kwa ndugu unayemwamini. Usitumie barua pepe ya shule. Siku ukiachishwa, nayo inafungwa. Kwenye begi weka seti tatu za nakala zilizothibitishwa na wakili. Uhakiki mwingi wa vyeti siku hizi hufanywa kwa skani na chuo chenyewe hujibu, kwa hiyo ukiombwa orijino "kwa uhakiki", toa kwanza skani na anwani ya ofisi ya msajili wa chuo.

Nne, acha nyumbani kisichoombwa. Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita au KCSE, cheti chako cha kuzaliwa, barua za TSC au za halmashauri, havina kazi Ghuba isipokuwa vimetajwa. Wiki kadhaa kabla ya safari mwandikie afisa wa shule: orijino zipi zinahitajika, zinapelekwa ofisi gani, zinarudi baada ya siku ngapi? Jibu atakalotoa ni ushahidi wako wa kwanza, na namna atakavyojibu itakuonyesha ni shule ya aina gani.

Wakala wa nyumbani naye asisahaulike. Wapo wanaoshika cheti kama dhamana ya ada yao kabla hata ndege haijapaa. Wakala wa Kenya awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Wa Tanzania, ulizia TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Mwenye leseni na asiye nayo, wote waonyeshe cheti, wasibaki nacho.

Siku ya fomu

Ndani ya lile rundo la siku ya kwanza mara nyingi mna karatasi moja fupi: "Mimi nimeomba shule initunzie pasipoti na vyeti vyangu kwa usalama." Kwa Qatar na Omani karatasi hiyo ndiyo inayogeuza kosa kuwa halali, maana sheria zote mbili zimeacha mlango wa ombi la maandishi la mfanyakazi mwenyewe. Usiisaini. Ikiwa imechomekwa ndani ya mkataba kama kifungu, kikate kwa mstari mmoja wa kalamu, andika pembeni "Hati zitakaa kwangu", weka saini fupi na tarehe, kisha piga picha ukurasa huo. Wakisema nyumba za walimu hazina usalama, omba kabati lenye kufuli ambalo ufunguo unao wewe, au nunua kisanduku cha chuma. Kama ulishasaini, bado unaweza kuandika barua kwamba umeondoa ombi lako na unataka hati zako. Qatar inamtaka mwajiri aitoe pasipoti unapoidai.

Pale ambapo cheti lazima kitoke mkononi, jambo bora ni kuongozana na mandubu hadi dirishani. Ikishindikana, kisitoke bila hati ya makabidhiano. Iandikwe kwa Kiingereza au Kiarabu, nakala mbili, na maana yake iwe hii: "Leo, tarehe fulani, saa fulani, nimepokea kutoka kwa mwalimu fulani cheti halisi cha digrii chenye namba fulani, kurasa mbili, kina mihuri mitatu nyuma, kwa ajili ya muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje tu. Kitarudishwa ifikapo tarehe fulani." Chini liwe jina la mpokeaji, cheo, saini na muhuri wa shule. Namba ya cheti na idadi ya mihuri zisikosekane, kwa sababu mabishano ya baadaye huwa kama kilichopokelewa kilikuwa orijino au kopi. Na tarehe ya kurudi isipoandikwa, "bado tunashughulikia" haina mwisho.

Mandubu akikataa kusaini, usigombane. Piga picha hati zikiwa mezani kwake, kisha kabla jua halijazama mtumie ujumbe wa WhatsApp na barua pepe kwa afisa rasilimali watu: leo saa nne asubuhi nimekukabidhi hiki na hiki kwa ajili ya kazi hii, tafadhali nijulishe vikiwa tayari. Hata akijibu "sawa" tu, umepata risiti. Baadhi ya walimu huona haya kudai karatasi, wakihisi wanamtukana mwenyeji wao. Ofisi hiyo hiyo haikupi kompyuta wala funguo za darasa bila kusaini daftari. Na wewe unadai daftari lako.

China kwa ufupi

Huko stika ya ukaazi bado hubandikwa ndani ya pasipoti, kwa hiyo ni kweli itakwenda polisi wa uhamiaji. Lakini hupelekwa na wewe mwenyewe ukiwa na mtu wa shule, polisi hutoa stakabadhi, na sheria inawapa siku 15 kutoa uamuzi. Stakabadhi hiyo ikae kwako, na siku ya kuchukua pasipoti uende wewe. Ukishaipata, sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, kifungu cha 38, inamtaka mgeni wa miaka 16 na kuendelea atembee na pasipoti au kibali chake cha ukaazi. Kwa kuwa kibali kimo ndani ya pasipoti, mwajiri anayeishika anakufanya wewe uvunje sheria kila unapotoka dukani. Sema hivyo hivyo, kwa upole. Hoja hiyo hupita kuliko kulalamika. Kuhusu vyeti, sheria ya mikataba ya kazi, kifungu cha 9, inakataza mwajiri kushika kitambulisho au vyeti vya mfanyakazi na kudai dhamana ya fedha.

Kinachowaponza walimu wengi China ni karatasi inayoitwa barua ya kuachiwa, yaani uthibitisho kwamba mkataba umekwisha. Bila hiyo, kibali hakihamishiki kwenda shule mpya. Kifungu cha 50 cha sheria hiyo ya mikataba ya kazi kinamtaka mwajiri aitoe mkataba unapokwisha. Idai kwa maandishi siku ile ile unayotoa notisi.

Ikiwa imeshazuiliwa

Anza na barua fupi yenye tarehe: nimekabidhi nini, lini, kwa kazi gani, kazi hiyo imekwisha, naomba nirudishiwe ndani ya siku tatu za kazi, kifungu cha sheria ni hiki. Isiwe na matusi wala vitisho, kwa sababu itasomwa na mtu wa wizara. Siku tatu zikipita, peleka malalamiko wizara inayoshughulikia kazi, ukiwa na barua hiyo, hati ya makabidhiano au ujumbe wa WhatsApp, na skani ya cheti pande zote mbili. Kama shule imesajiliwa kwenye ukanda huru wa Falme za Kiarabu, anza kwa kuuliza mamlaka ya ukanda huo. Ubalozi wako nao ujulishwe mapema, usisubiri hadi tiketi iwe imekatwa.

Mambo mawili huharibu kesi nzuri. La kwanza ni kugoma kwenda kazini hadi vyeti virudi. Falme za Kiarabu, kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi asiyefika kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu halali, na kutoka hapo ni hatua moja kuripotiwa kuwa umetoroka. Nenda darasani, saini mahudhurio, fundisha, huku malalamiko yakiendelea. La pili ni kuripoti polisi kwamba pasipoti au cheti kimepotea wakati unajua kiliko. Ni taarifa ya uongo, shule itakitoa mezani mbele ya polisi, na pasipoti iliyokwisha kuripotiwa kupotea hufutwa, haisafiri tena hata ukirudishiwa. Neno la kuandika ni "imezuiliwa".

Siku ya mwisho

Mkataba ukiisha utapewa karatasi ya malipo ya mwisho, ile inayosema umepokea haki zako zote na huna dai lolote. Wengi huisaini mbio kwa sababu ya tiketi ya usiku ule. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, bahasha iletwe mezani. Toa kila hati, ilinganishe na skani yako kwenye simu: namba ya cheti, mihuri ya nyuma, pini ya kona haijachezewa, na kwamba unachorudishiwa ni karatasi yenyewe, si kopi nzuri ya rangi. Pitisha kidole juu ya muhuri wa mgandamizo. Wa kweli unausikia umeinuka. Omba na cheti cha uzoefu. Falme za Kiarabu mwajiri hukitoa bila malipo ukikiomba. Kisha hati zako ziingie kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege, na ndipo usaini.